King'ora Kwenye Beseni

Wenye boti wa bandari ile wanamwita Mama Uhakika, na hawamwiti hivyo kwa mapenzi. Kila simu anayowapigia huanza kwa salamu fupi na kuishia kwenye swali moja: "Una uhakika?" Mtu akijibu ndiyo, anaulizwa tena. Akikasirika, Mama Uhakika humsubiri amalize kukasirika, kisha humuuliza mara ya tatu kwa sauti ile ile, kama karani wa benki anayesubiri sahihi.

Ofisi yake ni chumba cha ghorofani, juu ya zahanati ya bandari. Humo mna meza mbili, skrini mbili, redio ya masafa marefu, simu za mezani zinazorekodi kila neno, ramani ya bahari iliyobanduka kona moja, na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo iliyokuwa ya rangi. Hapo ndipo zinapofikia ishara za dharura kutoka baharini. Kila chombo cha biashara kinatakiwa kubeba kifaa cha manjano chenye ukubwa wa chupa ya chai na antena fupi kichwani. Bandarini wanakiita king'ora, ingawa hakilii hata kidogo. Kikitoka kwenye kishikio chake na kulowa maji kinajiwasha chenyewe, kinaita setilaiti, setilaiti inaishusha ishara kituoni, na kwenye skrini ya Mama Uhakika linatokea jina la chombo, namba ya simu ya mwenyewe na mahali hasa ishara inapotoka. Chombo kikizama, king'ora huachana nacho na kuelea. Kina betri yake na akili zake, wala hakihitaji nahodha, injini au bahati. Kinachohitaji ni kuwapo botini tu.

Kifaa rahisi kiasi hicho ungedhani watu hawawezi kukikosea. Mama Uhakika alikwisha kuacha kudhani. Yuko nahodha aliyekifunga kwenye mlingoti kwa waya wa kufungia nondo, eti kisianguke baharini. Yuko aliyekigeuza taa ya msalani kwa sababu kinamulika. Yuko mwenye boti aliyenunua kipya na kukitupa cha zamani jalalani, mvua ikanyesha, na waokoaji wakashinda wakifukua maganda ya ndizi huku setilaiti ikiwahakikishia kwamba hapo hapo pana meli inayozama. Na wote hao, simu ikipigwa, wana jibu moja: "Aa, mama, tulikuwa tunaosha tu."

"Watu hawa wanaosha kila kitu," alimwambia mumewe siku moja, "isipokuwa boti."

Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Dharau yake ilikuwa ya kimya, iliyonyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Alisomea mawasiliano ya baharini chuoni akiwa mwanamke peke yake darasani, na alihitimu akiwa amechoka kueleza kwamba hakwenda pale kutafuta mume. Mume alimpata baadaye, gatini: fundi wa injini mwenye mabega mapana na maneno machache, mwanamume wa kwanza kumuuliza swali kuhusu redio na kusubiri jibu mpaka mwisho. Kwa hilo peke yake alimsamehe mengi, yakiwemo mafuta mazito yasiyotoka kwenye kucha na tabia ya kukubaliana na kila anayeongea kwa sauti kubwa.

Na aliyeongea kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa shemeji yake, mdogo wake Mama Uhakika wa tumbo moja.

Huyu alishindwa mtihani wa unahodha, akaona njia ya mkato ni kuwaajiri manahodha. Alinunua boti ya mizigo inayopeleka saruji, soda na magodoro visiwani, akajiunga na chama cha wenye boti, na kabla watu hawajamzoea alikuwa mwenyekiti wake. Tangu hapo hakuwa na jina jingine. Mwenyekiti alikuwa Mwenyekiti msibani, Mwenyekiti kwa kinyozi, na hata mama yao mzazi alimwita hivyo, akinyoosha shingo kidogo kila alipolitamka. Ndiye aliyempa shemeji yake kazi ya ufundi kwenye hiyo boti, na kazi yenyewe aliitaja mezani mara nyingi kuliko chumvi.

"Dada yangu," alisema Jumapili moja, wote wakila kwake, "wewe kwa kweli Mungu amekupendelea. Unalipwa kukaa karibu na simu. Hata mlinzi wa geti anafanya kazi hiyo hiyo."

"Mlinzi wa geti hapigiwi na wajinga."

"Huyoo! Shemeji, unamvumiliaje huyu?"

Fundi alicheka, akaendelea kula. Ndivyo alivyokuwa: akichekewa anacheka, akikemewa anakula.

Jambo moja tu lilimfanya Mama Uhakika amwache mdogo wake ajisifu. Siku za ukaguzi, king'ora cha boti ya Mwenyekiti kilikuwa kimekaa mahali pake kwenye paa la chumba cha nahodha, kinang'aa, betri haijapitwa na wakati, namba imesajiliwa sawasawa. Wakaguzi walikitolea mfano kwa wengine. Mwenyekiti aliwahi kupigwa picha amekikumbatia kifuani kama mtoto aliyefaulu mtihani. Mama Uhakika aliitazama picha ile gazetini akajiambia kwamba hata mtu mpuuzi anaweza kufanya jambo moja sawa, hasa ikiwa ndani ya hiyo boti yumo mume wa dada yake.

Siku yenyewe ilianza na upepo. Utabiri ulikuwa umeonya tangu jana yake, vyombo vidogo visitoke, lakini saruji ilikuwa imekwisha kupakiwa na Mwenyekiti aliona aibu kuipakua. Boti ikaondoka alfajiri. Kwa kawaida kila boti ya mizigo huita kituoni kwa redio ifikapo saa sita mchana. Boti ya Mwenyekiti haikuita. Mama Uhakika aliita yeye, akasikiliza mkwaruzo wa hewa, akaita tena. Nahodha wa boti ile alikuwa msahaulifu wa siku nyingi, kwa hiyo hakuruka kitini. Aliendelea kuita tu, kila baada ya muda, kwa sauti isiyobadilika, kama mtu anayemwamsha mlevi.

Kisha skrini ikapiga mlio.

Alisoma namba ya kifaa tarakimu moja moja, kwa kidole, kama alivyofundishwa, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa ni boti nyingine na watu wengine. Haikukosewa. Ilikuwa boti ya Mwenyekiti. Akashusha macho kwenye ramani kutafuta mahali, na kwanza akadhani ramani haijafunguka vizuri, maana alama nyekundu haikuwa baharini. Akaikuza ramani. Alama ilikuwa mjini. Akaikuza tena. Ilikuwa nyuma ya shule ya sekondari, mtaa wenye tangi la maji, nyumba ya pili. Uani.

Alikula Jumapili nyingi kwenye ua ule.

Kwa dakika nzima alifurahi. Boti haijazama, ni upuuzi tu wa kawaida, na safari hii mpuuzi ni ndugu yake mwenyewe. Furaha hiyo hakujisamehe baadaye. Maana mara tu ilipopita, lililobaki lilikuwa wazi kama ramani: kama king'ora kiko uani kwa Mwenyekiti, basi botini hakuna king'ora. Boti iliyojaa saruji iko kwenye upepo, kimya, na hakuna chochote ndani yake kinachoweza kumwambia mtu yeyote iko wapi. Na mumewe yumo.

Sheria inasema mpigie mwenye chombo. Akampigia.

Mwenyekiti alikuwa hotelini, kwenye warsha ya usalama baharini. Alipokea kwa kunong'ona. "Dada, niko meza kuu."

"Hapa ni kituo cha uokoaji. King'ora cha boti yako kinaita."

Nyuma yake kipaza sauti kilikohoa. "Aa. Watakuwa wanaosha tu."

"Nani wanaosha?"

"Vijana. Wanaosha sitaha. Si unawajua."

"Kwenye upepo huu? Boti iko wapi?"

"Iko baharini, dada. Mumeo yumo, unaniuliza mimi?"

"Na king'ora kiko wapi?"

"Kiko botini. Kitakuwa wapi tena?"

"Una uhakika?"

"Usiniletee mambo yako ya simu hapa. Watu wananisubiri."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika! Andika ni taarifa ya uongo, funga, tutaongea nyumbani." Akakata.

Mama Uhakika aliurudisha mkono wa simu taratibu. Amezoea kudanganywa, lakini waongo wake wa kila siku wanajitetea kidogo: wanasitasita, wanaanza sentensi upya. Huyu alidanganya kama anayeagiza chai. Alichokiona Mwenyekiti ni leseni yake. Akikiri kwamba king'ora kinalala kwake, leseni inakwenda. Kama watu wanne wangekwenda nayo, hilo lilikuwa jambo la kujadiliwa nyumbani.

Meli ya uokoaji haitoki bila ruhusa ya mkuu wa kituo, na mkuu wa kituo alikuwa ukumbi ule ule, kiti cha mbele, na kitambulisho cha warsha shingoni.

"Ishara inaonyesha nchi kavu?" aliuliza mkuu. "Basi ni ya uongo. Ifunge."

"Mkuu, boti hiyo haijaita tangu asubuhi."

"Ziko boti nyingi hazijaita. Mwenyewe anasemaje?"

"Anasema kifaa kiko botini."

"Sasa?"

"Kiko uani kwake. Setilaiti inanionyesha."

"Setilaiti nazo hukosea, mama."

"Hukosea hatua chache, mkuu. Hazikosei bahari nzima."

Mkuu alishusha pumzi ya mtu aliyeitwa kabla ya chakula. "Nisikilize. Siwezi kutoa meli kwa ugomvi wa dada na kaka. Kama kweli boti iko nje bila king'ora, na iko kimya, na hali ndiyo hii, hiyo ni sababu, nitaitoa. Lakini nipatie mtu anayekiona hicho kifaa kwa macho yake, aseme kwenye simu ya kituo. Si hisia."

Mtu wa kukiona alikuwa mmoja tu. Mama Uhakika alimpigia simu mke wa Mwenyekiti, ikaita sana, kisha wifi yake huyo akapokea, akihema.

"Wifi! Leo umetukumbuka maskini wako?"

"Habari, wifi. Uko wapi hapo?"

"Uani huku, naosha vyombo. Kesho wanakuja watu wa chama kula, nimeshusha kila kitu kilichomo kabatini. Vumbi, wifi yangu, utadhani hatuishi humu."

"Umeona kitu cha manjano?"

"Ee! Umejuaje? Hiki kinachofanana na chupa ya chai? Nimekitia kwenye beseni la sabuni nikakisugua mpaka kijiti chake cha juu. Sasa kimeanza kumulika. Nikasema labda kinashukuru."

Mama Uhakika alifumba macho kidogo. "Kwa kawaida kinakaa wapi?"

"Kabatini, rafu ya juu, pamoja na vyombo vya wageni. Mwenyekiti anasema vijana wa botini wana mikono mirefu, watakiuza. Anakipeleka siku ya ukaguzi, jioni anakirudisha. Kuna ubaya?"

"Na botini wanabaki na nini?"

"Wana kile kingine."

"Kipi?"

"Si kile cha dumu." Wifi alicheka. "Dumu la mafuta ya kupikia limepakwa rangi, limewekewa kijiti. Ukiwa mbali huwezi kujua. Mimi mwenyewe nilidanganyika."

"Wifi, hicho cha beseni una uhakika ndicho chenyewe?"

"Nimekishika mkononi, wifi! Kimeandikwa jina la boti ubavuni. Kwani nimekiharibu? Atanigombeza."

"Hujakiharibu. Wewe ndiye mtu wa kwanza wa nyumba hiyo kukitumia. Kitoe majini, kikaushe, ukae nacho."

Hakueleza chochote kwa mkuu. Alimpigia tu, akamchezea mazungumzo yale kwenye simu tangu "wifi" ya kwanza hadi "atanigombeza" ya mwisho. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake, kwa kipaza sauti kilichosafishwa koo, sauti ya Mwenyekiti ilikuwa ikisema: "Ndugu wajumbe, setilaiti haidanganyi."

"Toa meli," alisema mkuu.

Kamanda wa meli ya uokoaji alikuwa mtu wa mkato. "Nakwenda wapi?"

Hapo ndipo Mama Uhakika alipoona gharama ya lile dumu. Kwa king'ora halisi angempa kamanda mahali ambapo angeweza kutupa kofia na kumpiga nayo mtu anayemtafuta. Sasa alikuwa na ramani iliyobanduka kona na penseli. Alichora njia ya kawaida ya boti kwenda kisiwani, akaikata pale ambapo injini yenye mzigo ule ingekuwa imefika saa sita, kisha akaisogeza penseli kufuata upepo. Kama injini imekufa, upepo unawasukuma upande wa miamba. Kama haijakufa, watafika wenyewe na kumcheka.

"Anzia miambani, urudi kinyume cha upepo," alimwambia. "Tafuta kwa macho."

"Mama, hapo ni parefu."

"Najua, kamanda. King'ora chao kiko kwenye beseni."

Alasiri yote aliita vyombo vilivyokuwa karibu, kimoja kimoja, akiuliza nani ameona boti ya mizigo iliyodidimia kwa uzito. Wengi hawakuona. Mmoja alimjibu kwamba ana haraka, na Mama Uhakika akamwomba jina la chombo chake kwa upole uliomfanya yule bwana aone ghafla kwamba hana haraka. Mwenyekiti alipiga simu ya kituo tena na tena. Hakuuliza habari za boti. Aliuliza ni nani aliyerekodiwa.

Walionekana jioni, kabla mwanga haujakwisha, karibu kabisa na miamba. Maji yalikuwa yameingia pale mhimili wa propela unapotokea nyuma ya boti, yakapanda taratibu wakidhani wanayamudu, yakafikia betri. Betri zilipozama, redio ilikufa pamoja na injini. Walikuwa wametupa saruji nyingi baharini, na nanga ilikuwa inaburuzika bila kushika.

"Watu wote wanne wapo," kamanda alisema redioni. Kisha akaongeza: "Wanachotea maji kwa dumu la manjano lililokatwa mdomo."

"Nimepokea," alisema Mama Uhakika. Aliinuka akaenda kumwaga ndoo ya kiyoyozi, ingawa haikuwa imejaa.

Gatini Mwenyekiti alikuwa amefika kabla yake. Alikuja moja kwa moja kutoka warshani pamoja na waandishi wa habari, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni. Fundi alipopanda ngazi, amelowa na midomo imekauka chumvi, Mwenyekiti alimkumbatia kwa namna ambayo nyuso zote mbili zilielekea kamera.

"Mmejionea wenyewe," aliwaambia waandishi. "Mimi siku zote nahubiri teknolojia. Leo teknolojia imewaokoa ndugu zangu."

Waandishi waliandika. Ni kazi yao kuandika, na walikuwa wamepewa usafiri.

 Fundi alicheka kidogo, kama alivyocheka mezani. Mama Uhakika, aliyekuja kumshika mkono, alikiona kicheko kile, na mkono wake ukaishia kwenye begi.

Nyumbani alimpashia maji. Alimwacha aoge, avae, akae. Kisha akasimama mlangoni mwa jikoni.

"Ulijua?"

Fundi hakuuliza alijua nini. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo." Alitazama kucha zake. "Lile dumu nimelikata mimi. Rangi nimepaka mimi."

Mama Uhakika alikuwa na dharau ya kutosha bandari nzima. Hakujua kwamba kuna nyingine ilikuwa imebaki, ya humu ndani.

"Kila unapoondoka nakuuliza kama king'ora kipo. Unaniambia kipo."

"Shemeji alisema ni kwa muda tu, mpaka apate kisanduku cha chuma cha kukifungia kwa kufuli."

"Kufuli! Kitu kilichoundwa kuelea, mkitie kufuli!"

"Ningesema nini, mke wangu? Boti ni yake, kazi ni yake, na yeye ni ndugu yako. Nikikwambia wewe, utalipeleka ofisini."

"Ningelipeleka."

"Ndiyo hivyo."

"Ndiyo hivyo nini? Uliona heri uzame kuliko nilipeleke ofisini?"

Fundi alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kweli, hilo lazima lisemwe. "Sikuona kama nitazama," alijibu mwishowe. "Nani anaona hivyo?"

Kamati ya uchunguzi iliitwa wiki iliyofuata. Kabla yake, Mwenyekiti alimtuma mama yao. Bibi alikuja na mkoba wake, akakaa kwenye ukingo wa kochi kama mgeni.

"Mwanangu, semeni tu kilikuwa botini kikaanguka majini."

"Kikaelea, mama, mpaka kwenye beseni la mkewe?"

"Mambo ya setilaiti nani anayajua? Wifi yako atasema alichanganya, ni tochi. Mumeo atasema alikiona botini. Wewe unyamaze tu. Kunyamaza nako ni kazi?"

"Kwangu ni kazi, mama."

"Utamwangusha mdogo wako kwa kitu cha plastiki."

"Mama, kamati ikimwamini, ile boti itazibwa tundu itarudi baharini na dumu jipya. Mume wangu ndani. Hicho ndicho unachoniomba."

Bibi aliufunga mkoba wake ambao haukuwa wazi. "Mwenyekiti asingefanya hivyo," alisema, na haikujulikana hasa ni lipi ambalo asingelifanya.

Kwa hiyo jambo lote lilibaki mdomoni mwa fundi, mahali pabaya pa kuacha jambo. Usiku wala asubuhi Mama Uhakika hakumsihi. Alimpigia shati pasi, akaliacha kitandani.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano cha bandari, viti vya plastiki, feni moja. Mwenyekiti alivaa suti. Alieleza kwa ufasaha kwamba king'ora kilikuwa botini, kilitikiswa na mawimbi, kikaita. Kwamba mkewe, mtu wa nyumbani asiyejua vifaa, alishika tochi ya manjano akachanganyikiwa. Kwamba kuhusu alama ya setilaiti kuonyesha kwake, bila shaka mfumo ulivuta anwani ya usajili. Wajumbe wawili waliitikia kwa vichwa, kwa heshima. Hawakuelewa, na Mwenyekiti alijua hawakuelewa. Hapo ndipo ulipokaa ufasaha wake.

"Na shahidi wangu ni fundi mwenyewe," alimalizia. "Alikuwemo."

Fundi alisimama. Mwenyekiti alimpa ishara ndogo ya kidevu, ile ya kumwambia mtu aanze kupakua mzigo.

"Fundi," aliuliza mkuu wa kamati, "king'ora kilikuwa botini?"

Fundi aliangalia feni. Aliangalia viatu vyake. Mkewe hakumsaidia kwa jicho wala kwa kikohozi.

"Hapana," alisema. "Kilikuwa kabatini kwa shemeji. Botini kulikuwa na dumu. Nililitengeneza mimi."

Kabla fundi hajakaa, Mwenyekiti alikuwa amekwisha kusimama.

"Mmesikia wenyewe! Ameghushi! Mfanyakazi wangu amenighushia kifaa cha usalama, mimi nikiwa kwenye warsha nahangaikia maisha yao! Shemeji, kwa kweli umenivunja moyo."

Alisema hivyo bila kupepesa, na lililomshangaza Mama Uhakika, ambaye hakushangazwa na mengi, ni kwamba baadhi ya watu chumbani walimwangalia fundi kwa masikitiko.

Kamati ilisikiliza sauti ya wifi iliyorekodiwa, ikatazama alama uani, ikatoa uamuzi. Boti ilifungiwa gatini. Leseni ya Mwenyekiti ilisimamishwa, na cheti cha fundi nacho kikasimamishwa, kwa sababu mkono uliopaka rangi ulikuwa wake na mwenye mkono alikuwa amekiri. Mkuu wa kituo, aliyetaka mtu anayekiona kifaa kwa macho yake, aliandikiwa barua ya pongezi kwa kuitoa meli mapema.

Chama cha wenye boti kilifanya uchaguzi wake kama kawaida na kumrudisha Mwenyekiti kwa kura nyingi. Siku hizi anazungumzia hatari ya wafanyakazi wasio waaminifu, na bado anaalikwa kwenye warsha. Wifi hapigi simu tena, alikatazwa. Bibi anasalimia kwa kupitia kwa wajukuu.

Fundi anatengeneza majenereta na mashine za kusaga chini ya bati alilolipachika ubavuni mwa nyumba. Wateja wapo. Wengi wanamwita "mzee wa dumu" na yeye, kama kawaida yake, anacheka, ila sasa kuna siku anawaambia waondoe mashine zao wapeleke kwingine.

Jioni moja aliingia ndani na mikono myeusi, akakaa mezani bila kuvua viatu, akamtazama mkewe aliyetoka zamu muda huo huo na bado hajafungua vifungo vya sare.

"Umefurahi sasa?" alimuuliza. "Sina boti, sina cheti, mama yenu hatusalimii."

"Sijafurahi."

"Basi ulikuwa unataka nini?"

"Uwepo hapa uniulize hivyo," alisema Mama Uhakika. "Na vua hivyo viatu. Umejaza grisi sakafu nzima."